Swali kwa Fundi: Nimenunua Benzi yenye turbo, na kila mtu ananitisha

Shikamoo fundi.

Mimi ni msomaji wako wa Kimara, Dar es Salaam. Mwezi wa tatu mimi na mume wangu tulijikusanya tukanunua Mercedes-Benz C200 ya mwaka 2012, imetoka Japani ikiwa imetembea kilomita 78,000. Gari hilo nimeliota tangu niko chuo. Hadi leo linakwenda vizuri, halijanilaza njiani hata siku moja. Kinachonisumbua ni maneno ya watu.

Mwezi uliopita mfanyakazi mwenzangu, naye ana gari la Ulaya (la aina gani tuliache), aliharibikiwa akirudi kutoka Morogoro. Anasema alisikia mlio kama king'ora cha ambulansi, gari likaishiwa nguvu, nyuma ukatoka moshi wa bluu hadi magari yaliyomfuata yakawasha hazadi. Likavutwa hadi gereji. Akaambiwa turbo imekufa, milioni tatu na laki nane. Akakopa, akalipa. Wiki tatu baadaye hiyo mpya nayo ikaanza kulia. Sasa hivi anapanda mwendokasi na gari limeegeshwa.

Tangu siku hiyo nikiwasha gari moyo unanienda mbio. Nikaanza kuuliza. Fundi wangu wa mtaani anasema turbo ni bahati, ikifika siku yake imefika. Mwingine anataka anifungie kifaa kinachoiacha injini ikiunguruma dakika tano baada ya mimi kutoa ufunguo. Muuza oili Kariakoo ananiambia niweke 20W-50 kwa kuwa Dar ni joto, oili nyepesi ni za Wazungu wenye baridi. Gereji moja kubwa wakanipa bei ya oili na filta laki tatu, nikaona wananipiga, nikaondoka. Na shemeji yangu, yeye ana C200 ya 2008, ananicheka. Anasema miaka sita anaweka oili yoyote ya kidumu na turbo yake haijawahi hata kukohoa.

Mimi ni mhasibu, magari siyajui. Natoka Kimara asubuhi kwenda Posta na kurudi jioni, na foleni ya Barabara ya Morogoro unaijua. Mwezi wa kumi na mbili tunakwenda Iringa kwa wakwe. Dashibodi inaniambia bado kilomita 11,000 kufika sevisi. Naomba uniambie ukweli: kuna kitu mtu anaweza kufanya turbo isife, au kweli ni bahati? Na ile filimbi ndogo ninayoisikia nikikanyaga mafuta, ndiyo mwanzo wa kifo?

Mama Junior, Kimara

*

Marahaba Mama Junior, na hongera kwa gari.

Nianze na swali lako la bahati, maana ndilo linalokunyima usingizi. Hapana, si bahati. Kwa miaka niliyoshika spana, turbo zilizojifia kwa uzee nimeziona chache. Nyingi nilizozitoa zilikuwa zimeuawa, na muuaji alikuwa yule yule: oili iliyochelewa kufika, iliyofika chafu, au ambayo haikufika kabisa. Kwa hiyo mtu anayekuambia uweke akiba ya kununua turbo nyingine anakuelekeza pasipo na ugonjwa. Akiba yako iende kwenye oili.

Nikueleze kifaa chenyewe kwa ufupi ili usiyumbishwe tena. Turbo ni feni mbili zilizoshikana kwa shafti moja. Feni ya kwanza inasukumwa na moshi unaotoka kwenye injini, na moshi huo kwenye gari la petroli lililokazwa hupita nyuzi 900 za Selsiasi. Feni ya pili, upande wa pili wa shafti, inavuta hewa safi na kuishindilia ndani ya injini. Mswisi Alfred Büchi alisajili wazo hilo mwaka 1905, na msingi wake haujabadilika. Injini ndogo ya lita 1.8 kama yako inapata nguvu ya injini kubwa kwa sababu ya hewa hiyo ya kushindiliwa.

Sasa wewe ni mhasibu, chukua namba hii. Turbo ya gari dogo ikifanya kazi kweli kweli inaweza kuzunguka mara 150,000 kwa dakika, na nyingine hupita hapo. Hiyo ni mara 2,500 kwa sekunde. Na shafti inayozunguka hivyo, kwenye turbo nyingi, haikukalia gololi. Inaelea juu ya utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Utando huo ukikatika kwa sekunde chache tu, chuma kinagusa chuma. Huo ndio mlio wa ambulansi aliousikia mwenzako: feni zimeyumba, zinakwaruza nyumba yake, lile ganda la chuma linalozizunguka.

Hapo utaona kwa nini nina ugomvi na ile dashibodi yako. Inasema bado kilomita 11,000. Kwanza, hujui nani aliiweka upya mara ya mwisho, lini, na kama alimwaga oili kweli au alibonyeza vitufe tu ili gari liuzike. Pili, fanya hesabu. Kimara hadi Posta na kurudi ni kama kilomita 30. Siku 22 za kazi kwa mwezi ni kilomita 660. Ukiisubiri hiyo dashibodi, unabadilisha oili baada ya zaidi ya miezi 16, kwa oili ambayo hujui iliingia lini.

Tatu, na hili watu wengi hawalifikirii, kilomita ni kipimo kibaya kwa mtu wa foleni. Kama safari ya kilomita 15 inakula saa moja na nusu, unatembea kwa spidi 10. Ukifikisha kilomita 6,000 kwa mwendo huo injini imeunguruma saa 600. Dereva wa barabara kuu anayekwenda spidi 70 kwa saa hizo hizo angekuwa ametembea kilomita 42,000. Oili yako na yake zimefanya kazi muda mmoja, tena yako kwenye joto la injini isiyopata upepo, lakini dashibodi inaona 6,000 tu. Kwa matumizi yako mimi nasema kilomita 6,000 au miezi sita, kinachotangulia. Kwako miezi sita itatangulia.

Laki tatu uliyoikimbia haikuwa wizi. Injini hiyo inakunywa kama lita tano na nusu, na oili yenye ubora unaotakiwa si bei ya oili ya bodaboda. Mara mbili kwa mwaka ni laki sita. Gawa bili ya mwenzako kwa laki sita: ni miaka sita na ushee ya kubadilisha oili vizuri, na hapo sijahesabu turbo yake ya pili.

Kuhusu 20W-50. Muuza oili ana nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ndiyo inayouza. Ni kweli Dar hakuna baridi ya kugandisha oili, kwa hiyo sitakutisha kwamba itashindwa kupanda asubuhi kama ingekuwa Ujerumani mwezi wa kwanza. Lakini namba hizo zinaeleza uzito tu. Hazisemi oili itavumilia joto la turbo kwa muda gani kabla ya kuanza kuungua na kuacha uchafu. Hilo linasemwa nyuma ya kopo, kwa maandishi madogo. Wewe tafuta maneno MB 229.5. Hicho ni kibali cha Mercedes wenyewe, na oili yenye kibali hicho kwa kawaida utaikuta 5W-30 au 5W-40. Ukikuta kopo limeandikwa tu "inafaa magari ya Ulaya" bila namba, rudisha rafu. Na nunua kwa wakala anayekupa risiti, maana kopo zuri lililojazwa oili chafu lipo mjini. Ukimaliza, toboa makopo yako kabla ya kuyatupa ili yasirudi sokoni na kitu kingine ndani.

Jumamosi hii, kabla ya kilomita nyingine yoyote, peleka gari libadilishwe oili na filta. Kaa hapo hapo, usiende saluni. Kabla hawajaanza, fungua mwenyewe kifuniko cha kumwagia oili na uangalie upande wake wa ndani kwa tochi ya simu. Rangi ya kahawia kama chai ya rangi, sawa. Ukikuta utando mweusi mzito kama lami, basi gari hilo lilinyimwa oili huko lilikotoka, haijalishi karatasi ya mnada inasema nini. Filta ya zamani wasiitupe. Ni ya karatasi. Mwambie fundi aikate, aikunjue juani mbele yako. Vumbi la kung'aa kama pambo la kucha ni chuma, na hapo tunaongea lugha nyingine. Ikiwa ni nyeusi tu bila kung'aa, shukuru.

Kama umekuta ile lami, kuna kipande kimoja ambacho ningekibadilisha hata kama hakijaleta shida: bomba dogo la chuma linalopeleka oili kwenye turbo. Tundu lake ni kama la kalamu ya biki, na linapita jirani kabisa na moto. Oili chafu ikisimama humo inapikwa, inashika pembeni kama ukoko wa wali kwenye sufuria, na kila mwezi tundu linapungua. Injini nzima inapata oili, taa haiwaki, lakini turbo iko mwisho wa mstari, inakufa kwa kiu.

Naamini hapo ndipo alipoangukia mwenzako, ingawa gari lake sijaliona. Turbo mpya haifi kwa wiki tatu bila sababu. Niliwahi kuletewa gari lililokuwa limeshakula mbili. Mwenye gari alikuwa amechoka kiasi cha kutaka kuliuza kama chuma chakavu. Tulipolifungua tukakuta aliyefunga turbo alipaka silikoni nyekundu, ile gundi ya kwenye tyubu, pale bomba la oili linapokaa, badala ya gasketi. Alipokaza, kipande cha ukubwa wa punje ya mchele kikaminyika ndani, kikakaa mlangoni pa oili. Nilikitoa kwa kibanio cha nyusi. Turbo mbili, kwa punje ya silikoni. Mwambie mwenzako kabla hajalipa mtu mwingine aulize maswali matatu: bomba la oili lilibadilishwa? Intakula, ile rejeta ya kupoza hewa ya turbo, na mabomba ya hewa vilioshwa kuondoa vyuma na oili ya ile turbo ya kwanza? Na turbo mpya ilimiminiwa oili kwa mkono kabla ya kuwashwa, au walifunga na kupiga stata? Jibu likiwa "hapana" hata mara moja, amejua alipopigwa.

Maji sasa. Turbo za petroli za siku hizi karibu zote zinapozwa na oili pamoja na maji ya rejeta. Mafundi wetu wana mchezo wa kung'oa themostati, kile kilango kinachozuia maji ya rejeta hadi injini ipate joto, na kujaza maji ya bomba "ili gari lisichemke". Ukikuta limefanyiwa hivyo, rudisha. Maji ya bomba yanaacha chokaa na kutu kwenye njia nyembamba za turbo, na injini isiyo na themostati haipati joto lake kamili, kwa hiyo unyevu na petroli inayopenya kwenye oili haikauki. Lami ile ile niliyoitaja inazaliwa hapo. Weka kulanti, ile dawa ya rejeta, yenye kibali cha Mercedes 325.0, nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa kama yale ya betri. Nimesema maji, si asidi. Kuna mtu aliwahi kukosea.

Upande wa hewa ni mfupi. Filta ya hewa iwe nzima, na boksi lake lifungwe klipu zote. Fundi mvivu huacha moja. Barabara za ndani za Kimara zina vumbi, na punje ya mchanga ikikutana na feni inayozunguka 2,500 kwa sekunde inakula mapanga kama msasa. Zile filta za wazi za umbo la koni wanazouziwa vijana kwa ajili ya mlio, achana nazo.

Kile kifaa cha dakika tano usifunge. Wazo lake lilikuwa na maana zamani, wakati turbo zilipozwa na oili peke yake: ukizima injini ikiwa moto mkali, oili inasimama ndani ya turbo na kupikwa. Leo ukifika nyumbani Kimara umetoka kutambaa kwenye foleni saa nzima, turbo haijafanya kazi ya maana, na kuiacha injini dakika tano ni kuongeza zile saa tulizozihesabu. Nusu dakika, wakati unatafuta funguo za geti, inatosha. Juu ya hapo, usikubali mtu akate nyaya kwenye gari lenye kompyuta nyingi namna hiyo. Ukisikia kitu kinavuma chini ya boneti baada ya kuzima, ni feni au pampu ya umeme inaendelea kupoza. Iache imalize.

Iringa ni habari nyingine. Utakapopanda mlima Kitonga na mizigo ya wakwe, nyuma ya lori, unakanyaga, unaachia, unakanyaga, hapo turbo ndiyo inafanya kazi yake na inakuwa ya moto kweli. Kosa ni kufika juu, kusimama pale pale kupiga picha na kuzima. Ukilazimika kusimama, hata kama ni trafiki amekupungia mkono, acha injini iungurume dakika moja au mbili ndipo uzime. Ukiendelea polepole hadi Ilula kununua vitunguu na nyanya, mwendo wenyewe umeshaipoza. Zima tu ushuke.

Asubuhi nako kuna adabu yake. Washa, funga mkanda, weka simu mahali pake, ondoka taratibu. Usikanyage mafuta kwa fujo gari likiwa limesimama ili "kulipasha". Oili bado inapanda. Na geji ya joto ikishafika katikati usidhani mambo tayari, ile ni ya maji. Oili inachelewa nyuma yake dakika kadhaa. Kwako hili ni rahisi, kwa kuwa foleni yenyewe haikupi nafasi ya kukimbia.

Nakuja kwenye filimbi yako. Filimbi nyembamba inayopanda ukikanyaga na kushuka ukiachia, isiyobadilika mwezi hadi mwezi, ni sauti ya turbo yenye afya. Izoee leo ili siku ikibadilika uijue. Ikigeuka mlio wa juu wa kulia, kama king'ora, zima muziki, zima gari, ita lori la kuvuta. Usijikongoje hadi gereji. Turbo inayokufa inaweza kumwaga vipande vyake ndani ya injini, na hapo milioni tatu itaonekana nafuu. Ukisikia kugongagonga kwa wepesi kama kijiko ndani ya kikombe, mara nyingi ni kile kijimlango cha pembeni kinachopitisha moshi kando presha ikitosha. Mkono wake huchakaa. Hakikushushi njiani, lakini kipeleke kikaangaliwe. Na mkwaruzo wa sekunde mbili tatu asubuhi ukiwasha, huo usimpe kila fundi ruhusa ya kutaja turbo. Injini hizo zinafahamika kwa mnyororo wa taimingi, ule unaoendesha vali za injini, ambao hurefuka na kulegea, na dawa ya kuuchelewesha ni oili ile ile.

Moshi wa bluu na kupungua kwa oili vinahitaji utulivu. Ndiyo, sili za turbo zinaweza kuwa zimekwisha. Lakini pia oili ikijazwa kupita alama ya juu, au mfumo wa kupumua wa injini ukiziba, oili ya turbo inakosa njia ya kurudi chini na inatokea pembeni. Turbo inasingiziwa. Pima oili kila baada ya wiki mbili, gari likiwa sehemu tambarare, injini imezimwa dakika kadhaa, na uandike namba. Wewe mhasibu utaweza. Wateja wangu wengine wananiambia "iko sawa" kwa macho.

Kuna namna mbili ambazo mtu anaweza kukuuzia turbo usiyoihitaji. Ya kwanza ni kompyuta. Taa ya injini inawaka, anachomeka mashine, inatoka P0299, anasema "turbo". Namba hiyo inasema tu kwamba hewa iliyoshindiliwa ni pungufu. Inaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka, klipu iliyolegea, au vali ndogo ya umeme. Mwambie apulize moshi wa kupimia kwenye mabomba kwanza, uone unapotokea. Ya pili ni mkono. Anafungua bomba la hewa, anashika nati ya katikati ya feni, anaitikisa, inacheza, anakuita uone: "Angalia, imekwisha." Usitishike. Kwa sababu shafti inaelea kwenye oili, injini ikiwa imezimwa ni lazima icheze kidogo kushoto na kulia. Mwambie aisukume na kuivuta, ndani na nje, kama droo. Hapo isiwe na mchezo unaouhisi kwa vidole. Kisha izungushwe polepole huku imesukumwa pembeni. Kama mapanga hayagusi nyumba na ncha zake hazijaliwa, funga bomba, lipa pesa ya kufungua, nenda nyumbani.

Nimebakisha shemeji. Nenda nyuma ya gari lake, usome maandishi kwenye buti upande wa kulia au kushoto. C200 ya 2008 nyingi zimeandikwa Kompressor. Hizo hazina turbo. Zina kompresa inayozungushwa na mkanda wa injini, haipitiwi na moshi wa moto, na ina oili yake yenyewe iliyofungiwa humo humo. Kwa hiyo miaka sita amekuwa akijisifu kwa kutunza kitu ambacho hakimo kwenye gari lake, na hiyo oili ya kidumu, wakati huo huo, inamlia mnyororo. Mwambie taratibu, na usimwambie mbele ya wakwe.